Rozari ya Faluko

Siku zile nyumbani kwetu hatukuwa na saa ya ukutani. Ya nini? Padre Wendelin alikuwa anapita.

Alipita alfajiri, kiangazi na masika. Mkononi ameshika rozari. Kandoni mwake anatembea mbwa wake mkubwa, mgongo mweusi, miguu ya kahawia, masikio wima. Mimi nikiwaona, naweka fagio chini na kuwasha moto wa chai. Jirani yetu, mzee Kelestini, akiwaona, anatoa baiskeli yake na kwenda mtoni kununua samaki. Mtaa mzima uliamshwa na padre mmoja na mbwa mmoja.

Ah, Ifakara ile ya miaka ya tisini! Barabara za mchanga. Baiskeli huku na huku, kengele zinalia tangu asubuhi. Harufu ya mchele mpya kutoka mashineni. Nikiikumbuka, roho inaniuma, tena nasema bila aibu.

Mbwa yule Padre alimwita Falko. Sisi tulimwita Faluko, naye aliitika yote mawili. Watu wengi walimwita mbwa wa polisi, kwa sababu mbwa wa aina ile walimwona kwa polisi tu.

"Padre ni mtu wa sala," tulikuwa tunasema. "Hata barabarani anasali."

Mbwa hatukumsema. Nani amwangalie mbwa pale alipo Padre?

Mume wangu Eustaki alikuwa fundi seremala pale misheni. Randa alifundishwa kushika na Padre Wendelin mwenyewe. Alipofiwa na baba yake akiwa kijana, Padre ndiye aliyemlea. Basi siku moja moyo wa Padre ukaanza kusumbua. Ikaamuliwa arudishwe kwao Uswisi haraka. Alipoingizwa kwenye gari, alimshika Eustaki mkono.

"Eustaki, Falko ni wako," alisema. "Nitunzie."

Alitaka kusema zaidi, lakini pumzi ilikuwa fupi. Gari likaondoka. Mume wangu alirudi nyumbani kwa miguu, analia waziwazi, kamba ya mbwa mkononi.

"Mama Gladness," aliniambia, "huyu akinipotea, nitakuwa nimempoteza Padre kabisa."

Gladness ni binti yetu mkubwa. Jina langu mimi ni Balbina.

Eustaki alimjengea Faluko banda. Mbao za mninga, paa la bati, komeo la chuma. Banda lilikuwa zuri kuliko jiko langu, na nilimwambia hivyohivyo.

"Mbwa wa ulinzi hazururi," alinijibu. "Mchana anafungiwa ndani, asizoee watu. Usiku anafunguliwa uani. Hapo ndipo anakuwa mkali."

Watu wa kwetu wote waliamini hivyo. Walisema mbwa akizoea watu, hata mwizi atamchekea. Basi Faluko akafungiwa, kuanzia kunapopambazuka mpaka giza linapoingia. Ugali alipata. Dagaa alipata. Maji alipata. Tulijiona watu wema kabisa.

Haukupita muda, vituko vikaanza. Alibweka kutwa. Akachimba sakafu ya banda. Akautafuna mlango wa mninga mpaka fizi zikatoka damu. Halafu akaanza kuzunguka, anazunguka, anazunguka, anaufukuza mkia wake. Mkia wenyewe akautafuna, ukawa na kidonda. Nikimpelekea chakula, aliniangalia kwa macho ya huzuni mpaka nasahau kugomba. Na mimi kugomba sisahau ovyo, muulizeni yeyote.

"Mbwa wenu ana kichaa," majirani wakasema. Wengine wakasema amelogwa.

Asubuhi moja nilifungua banda ili niweke maji. Faluko akapita katikati ya miguu yangu kama upepo. Mimi nikaketi ndani ya ndoo. Yeye huyo, barabarani! Na barabara ya Ifakara asubuhi ni baiskeli tupu. Akazifukuza. Anaikimbilia hii, anaizunguka, anaiacha, anaikimbilia nyingine. Watu wakapiga kelele.

Wakati huo mzee Kelestini alikuwa anatoka mtoni, tenga la kambale nyuma ya baiskeli. Faluko akamzunguka mara ya kwanza. Alipozunguka mara ya pili, mzee akaenda chini. Kambale wakatapakaa mchangani. Kiwiko na goti la mzee vikachubuka. Lakini mbwa hakumng'ata mtu, wala hakugusa samaki. Alisimama pale, ulimi nje, anatikisa mkia wake wenye kidonda. Alikuwa anafurahi, mjinga yule.

Mzee Kelestini hakuwa jirani tu. Alikuwa pia mwenyekiti wetu wa kitongoji. Alikuja nyumbani huku anachechemea.

"Shikamoo, mzee wangu," Eustaki alisema, ameinamisha kichwa.

"Marahaba. Mbwa huyu ana kichaa. Ijumaa mgambo anakuja na bunduki."

"Mzee, nakuomba. Ni mbwa wa Padre."

"Padre nampenda, Eustaki. Lakini watoto wa mtaa huu nawapenda zaidi. Ijumaa."

Eustaki hakula siku ile. Alikaa mbele ya banda, kichwa mikononi. Mimi sikuweza kuvumilia. Nilijitanda kanga nikaenda ofisi ya mifugo kumtafuta Bi Bernadeta. Alikuwa mtaalamu wa mifugo, na mtaani tulimwita mama mifugo. Mwanamke mfupi, mchangamfu, hana simile.

Alikuja. Kwanza alisimama nje ya banda, akamtazama Faluko kwa muda mrefu.

"Anakunywa maji?" aliuliza.

"Ndoo nzima," nilisema.

"Anameza chakula vizuri? Hatoki mapovu mdomoni? Sauti yake haijabadilika?"

"Anameza sawasawa. Mapovu hana. Sauti ni ileile, tumeichoka."

"Basi nisikilizeni. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kweli, na unaua. Mbwa akimng'ata mtu, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni, na mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Msingoje. Lakini mbwa huyu nilimchanja mwenyewe kwa Padre, na dalili za kichaa sizioni. Yeye ana shida nyingine."

"Shida gani?" Eustaki aliuliza.

"Hana kazi."

Mume wangu akakasirika. "Kazi yake ni kulinda!"

"Anamlinda nani humo ndani, baba Gladness? Kunguni?"

Nilicheka. Eustaki akanikata jicho. Bi Bernadeta akachuchumaa, akapitisha vidole kwenye upenyo wa mbao. Faluko akavilamba.

"Mbwa wa aina hii asili yake ni machungani," alisema. "Babu zake walishinda wanakimbia na kondoo. Wanawazunguka, wanawarudisha waliopotea. Mwili wake umeumbwa kwa kazi hiyo, na akili yake pia. Mmewaona mbwa wa kina Masanja, wale Wasukuma wanaochunga ng'ombe kule mbugani?"

"Tumewaona."

"Mmeona hata mmoja anatafuna mkia?"

Eustaki alifikiri. "Hapana, sijaona."

"Wanatembea na ng'ombe kutwa. Jioni wanalala fofofo. Wako anashinda bandani. Nguvu zote hizo ziende wapi? Zimeishia kwenye mlango wako."

"Na baiskeli je?" niliuliza.

"Baiskeli kwake ni kondoo aliyetoroka. Anairudisha zizini."

Masikini mzee Kelestini, na kambale wake, kumbe alikuwa kondoo! Nilijiziba mdomo kwa kanga.

"Hebu niambieni," Bi Bernadeta aliendelea. "Padre alikuwa anafanya nini na mbwa huyu?"

"Alimlisha. Alimchana manyoya," Eustaki alisema. "Hakuna zaidi."

"Alfajiri?"

"Alfajiri Padre alikuwa anasali rozari barabarani."

"Na mbwa?"

"Anamfuata tu."

"Na jioni?"

"Jioni Padre alikuwa anasali te—"

Eustaki akageuka. Akanitazama. Mimi nikashika kichwa.

"Yesu na Maria!" nilisema. "Baba Gladness! Miaka yote ile tulimwona Padre anasali. Kumbe alikuwa pia anatembeza mbwa!"

Mume wangu akafungua komeo la banda palepale. Faluko akatoka, akaweka kichwa juu ya magoti yake. Eustaki akamshika masikio.

Bi Bernadeta alikwenda mwenyewe kwa mzee Kelestini kumwombea muda. Mzee aligoma, kisha akalegea kidogo.

"Mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Siku hiyo nitapita mbele yake na baiskeli yangu, mimi mwenyewe. Akinirukia, mgambo yupo."

Sasa hapa ningependa kusema mambo yakanyooka. Hayakunyooka. Kuna watu ukiwaambia mchuzi umepungukiwa chumvi, wanamwaga kopo zima. Mume wangu alikuwa mmoja wao.

Kesho yake mchana alimshibisha Faluko wali na dagaa. Kisha akamfunga kamba kwenye baiskeli yake aina ya Phoenix. Mimi nikapanda nyuma. Tukaondoka kwenda shambani kwetu, njia ya Idete, jua liko utosini.

"Mama mifugo kasema akimbie," Eustaki alisema, anakanyaga pedali. "Leo atakimbia!"

Mwanzoni Faluko alikimbia vizuri mno. Watu walisimama kumtazama. Mume wangu alijaa sifa, shingo imenyooka. Halafu ulimi wa mbwa ukawa mrefu. Udenda ukamtoka mzito. Miguu ikaanza kupishana.

"Simama!" nilipiga kelele. "Simama wewe, unamuua!"

Faluko akaanguka kwenye mchanga wa moto. Macho yakamgeuka.

Tulimbeba mpaka kwenye kivuli, chini ya dungu la jirani, kile kibanda cha juu cha kulindia ndege na nguruwe shambani. Nilivua kanga yangu moja, nikaichovya kwenye mfereji wa mpunga, nikamfunika tumbo. Ikipata joto, naichovya tena. Nikamlowesha miguu, mapaja na masikio. Eustaki akampepea kwa kofia. Maji ya kunywa nikampa kidogokidogo kwa kiganja.

"Faluko, amka, baba," mume wangu alikuwa anasema. "Amka. Nitamwambia nini Padre?"

Nilimhurumia na nilitaka kumpiga, yote kwa pamoja.

Jua lilipoanza kushuka, Faluko akainua kichwa. Tukaazima mkokoteni, tukamrudisha nyumbani amelala kama mgonjwa wa hospitali. Bi Bernadeta tulimkuta mlangoni, maana habari Ifakara hazihitaji redio. Kabla ya salamu alimpima Faluko joto, akatazama fizi zake na kumsikiliza moyo. Alipomaliza, akamgeukia mume wangu.

"Nilisema atembee," alimwambia. "Sikusema umuue kabla ya mgambo!"

"Nimekosa, mama mifugo."

"Umekosa mara tatu. Bonde letu lina joto, na mbwa huyu amevaa koti la manyoya. Hawezi kutoa jasho kama wewe. Anapoa kwa kuhema. Basi mtoe alfajiri, na jioni jua likishapoa. Kabla ya kutoka, weka kiganja chako juu ya mchanga. Ukikuunguza wewe, unamuunguza na yeye."

"Nimesikia."

"La pili, umemkimbiza ameshiba. Tumbo la mbwa mkubwa linaweza kujaa hewa na kujipinda, akafa. Matembezi kwanza. Apumzike, ndipo ale. Na akishakula, alale. La tatu, umemfunga kwenye baiskeli. Baiskeli haijui kama amechoka. Wewe ukitembea naye utajua."

"Na mtoni?" niliuliza. "Aogelee?"

"Mama Gladness, mamba wa Kilombero nao wanahitaji kula. Mmwagieni maji hapa uani."

"Sasa atembee kiasi gani?" Eustaki aliuliza.

"Yeye ni mtu mzima, ana afya. Apumzike kwanza mpaka nimwone tena. Halafu mwanzeni kidogokidogo. Akizoea, kama saa nzima alfajiri, na karibu saa nzima jioni. Angekuwa mtoto ningesema pungufu sana, maana mifupa ya mtoto bado laini. Na akizeeka mtapunguza tena."

"Saa hatuna," mume wangu alisema kwa unyonge.

Hapo mimi nikapata jibu. Lilikuwa limetuzunguka siku zote.

"Rozari tunayo," nilisema.

Wote wakanitazama.

"Padre hakuwa anatazama saa. Rozari nzima, matendo ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, ukiisali taratibu huku unatembea, ni kama saa nzima. Ukianza mlangoni, katikati ya matendo ya uchungu unageuka. Ukifunga kwa Salamu Malkia, uko nyumbani."

Bi Bernadeta akapiga makofi. "Huyo ndiye mke!" alisema.

Basi Faluko alipopata nguvu, tukaanza. Alfajiri alikwenda Eustaki, na jioni mara nyingi tulikwenda wote wawili. Wenzetu walitucheka. "Familia takatifu hiyo inapita," walisema. Tuliwaacha wacheke. Tulipita kando ya mashamba, ukungu bado umelalia mpunga, milima ya Udzungwa ndiyo kwanza inajitokeza. Mimi na mume wangu tulikuwa hatujatembea pamoja hivyo tangu uchumba. Siku nyingine rozari ilisimama katikati, tukaongea mambo yetu, tukaanza tena.

Bi Bernadeta alitufundisha pia kuichosha akili ya Faluko. Eustaki alificha kofia yake kwenye marobota ya majani, na Faluko akaitafuta. Baiskeli ikikaribia, Eustaki alisema "Kaa!" Mbwa akikaa, anapewa dagaa mmoja. Asipokaa, hapati, wala hapigwi. Kupiga mama mifugo alikataza kabisa. Tukirudi, nilimkagua kupe masikioni na katikati ya vidole.

Banda likabaki wazi, kuku wangu wakahamia. Mchana Faluko alilala mlangoni pa nyumba, kimya. Mkia ukapona, manyoya yakaota. Usiku alikuwa macho, na akibweka tulijua kuna jambo. Akawa mlinzi kweli, bila kufungiwa.

Mwisho wa mwezi ukafika.

Mtaa mzima ulijipanga barabarani. Mgambo alisimama upande wa pili, bunduki begani. Alfajiri ile Eustaki alikuwa amekwenda rozari nzima, nami nilikuwa nimekwenda naye. Sasa alisimama kando ya barabara. Faluko alisimama kushoto kwake, kamba imelegea.

Mzee Kelestini akaja na baiskeli. Nyuma ameweka tenga la kambale, makusudi. Anapiga kengele, kri kri kri.

Masikio ya Faluko yakasimama. Mgongo ukamnyooka. Aliliona gurudumu. Niliona mguu wake mmoja umeinuka. Mgambo akashusha bunduki begani. Mimi nilikuwa nasali, lakini maneno hayakuja.

"Kaa," Eustaki alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Faluko aliitazama baiskeli. Akamtazama mume wangu. Akakaa.

Mzee akapita. Akageuza baiskeli, akapita tena, karibu zaidi, anapiga kengele kwa nguvu zote. Faluko akapiga mwayo.

Watu wakashangilia. Mgambo akacheka, akarudisha bunduki begani. Eustaki alipiga magoti mchangani akamkumbatia mbwa, machozi yanamtiririka, na safari hii wengi walilia naye. Mzee Kelestini alishuka, akachagua kambale mmoja mnono.

"Huyu wa nani, mzee?" nilimuuliza.

"Wa mchungaji wangu," alisema, akimwonyesha Faluko. "Mimi si kondoo?" Kumbe Bi Bernadeta alikuwa amemsimulia! Nilitamani ardhi ipasuke.

Eustaki alimwandikia Padre Wendelin habari zote. Majibu yalikuja, machache, mwandiko unatetemeka. Padre alisema amecheka mpaka muuguzi akaja kumtazama.

Faluko aliishi nasi miaka mingi. Mtaa ukarudi kuamka kwa kupita kwake. Tukichelewa, mzee Kelestini alikuwa anaita kutoka uani kwake: "Eustaki! Mnataka nikose samaki?" Faluko alipozeeka, nyonga zikamlegea. Tukapunguza kama tulivyoambiwa. Rozari nzima ikawa matendo ya furaha peke yake. Mwishoni ikawa Salamu Maria chache, mpaka kwenye ua wa jirani na kurudi. Alikufa usingizini, mlangoni pake. Eustaki alimchongea sanduku la mninga, kwa mbao za lile banda.

Sasa Eustaki naye hayupo. Mzee Kelestini hayupo. Barabara yetu ina lami, na pikipiki zimejaa. Gladness amenitundikia saa kubwa ukutani, lakini sijawahi kuitazama.

Juzi daktari alinipima. Akashangaa.

"Bibi, presha yako nzuri, magoti yako mazuri. Unatumia dawa gani?"

"Natembeza mbwa," nilimwambia.

"Ana umri gani mbwa wako?"

Nilijitanda kanga nikaaga. Atajuaje, mtoto wa watu?

Kila alfajiri natoka, rozari mkononi. Katikati ya matendo ya uchungu nageuka. Na njia nzima natembea upande wa kulia, ili kushoto kwangu pabaki nafasi.